Maswali ya wasomaji: Kidonda kimekauka juu, chini je?

Meseji za mwezi huu karibu zote ni za vidonda. Kuna walioanguka na pikipiki, kuna walioshonwa, kuna walioungua, na kuna mmoja anaulizia mguu wa baba yake mwenye sukari, huyo nitamjibu kwa urefu maana hali yake haitaki kusubiri. Nimezisoma zote nikaona wengi mnarudia kosa moja, kidonda kikishakauka juu mnahesabu kimepona, na shida nyingi mnazoniandikia zinaanzia hapohapo. Twende.

Habari dokta. Mimi ni bodaboda hapa Morogoro, wiki iliyopita niliteleza kwenye kokoto nikachubuka vibaya goti na kiwiko. Wana wa kijiweni wakanimwagia unga wa zile kepsuli za rangi mbili wakasema niache wazi kipigwe upepo kikauke. Nyumbani wife anasema nifunge. Nimsikilize nani? Alafu kila nikikunja goti kigaga kinapasuka damu inatoka upya.

Pole sana kaka. Msikilize mkeo, na nitakueleza sababu ili siku nyingine ushauri wa kijiweni usikuyumbishe.

Pale ulipoanguka, kabla hata hujainua pikipiki mwili ulishaanza kazi. Mishipa midogo iliyokatika ilijibana yenyewe, chembe sahani za damu zikakutana na kolajeni, zile nyuzi za protini zinazoipa ngozi uimara na ambazo kawaida zimefichwa nyuma ya ukuta wa ndani wa mishipa, zikanata pale na kurundikana, halafu protini iliyokuwa inaelea kwenye damu ikageuka kuwa nyuzinyuzi za faibrini zikalishikilia lile rundo, ndo damu ikaganda. Hizo chembe sahani hazizibi tu, zinamwaga pia kemikali za kuita seli nyingine. Ndani ya masaa machache zinafika seli nyeupe zinazoitwa nyutrofili, zinakula bakteria na zenyewe zinafia hapohapo, na sehemu kubwa ya usaha tunaouona ni mizoga yao. Siku ya 2 au ya 3 zinaingia makrofeji, hizi ni kubwa zaidi, zinasafisha uchafu na seli zilizokufa na pia ndo zinazotoa amri ya ujenzi kuanza. Kwa hiyo ule wekundu, joto, uvimbe na maumivu ya siku 2 au 3 za mwanzo ni hiyo kazi inaendelea, usikimbilie kusema ni bakteria.

Kuanzia kama siku ya 4 unaona nyama nyekundu yenye vipunje vipunje, ukiigusa kidogo inatoa damu. Watu wengi wanaiogopa ile nyama, wanaikwangua au wanaimwagia spiriti, na kwa kweli inaniuma sana nikiona hivyo kwa sababu ile ndo habari njema yenyewe, ni mishipa mipya ya damu imechipua na seli zinazoitwa faibroblasti zimeanza kutengeneza kolajeni mpya.

Sasa hapo ndo tunafika kwenye swali lako. Ngozi mpya ya juu inatambaa kutoka kwenye kingo za kidonda na kutoka kwenye mashina ya vinyweleo, na inatambaa penye unyevunyevu. Ukiacha kidonda kipigwe upepo sehemu ya juu inakauka na kufa, inakuwa kigaga kigumu, na zile seli zinalazimika kuchimba njia chini ya kigaga kutafuta unyevu. Mtafiti George Winter wa Uingereza alionyesha hilo mwaka 1962 kwa kutumia nguruwe, vidonda vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika na plastiki nyembamba vikabaki na unyevu wake, na vile vilivyofunikwa vilifunga ngozi kwa kasi ya karibu mara 2 ya vilivyoachwa wazi. Matokeo yale yalitoka kwenye jarida la Nature na ndo yaliyobadilisha namna hospitali zinavyofunga vidonda, ila zaidi ya miaka 60 baadaye sisi bado tunaambiana kipigwe upepo. Na goti ndo kabisa, ni sehemu ya kukunjwa, kigaga kikavu lazima kipasuke kila ukikaa kwenye pikipiki na kila kikipasuka kinang'oka na ngozi changa iliyokuwa chini yake.

Cha kufanya ni hiki. Osha kwa maji safi yanayotiririka, yale unayoweza kuyanywa, toa mchanga wote uliobaki, sabuni pitisha pembeni ya kidonda sio katikati. Paka vaselini safi kidogo, weka gozi (kitambaa cha hospitali cha kufungia kidonda) isiyonata, funga, badilisha kila siku au ikilowa. Spiriti usimwagie ndani kwa sababu haichagui, inaua bakteria na inaua pia seli zinazojenga. Na unyevu sio kulowana, ukiona pembeni ngozi imekuwa nyeupe imesinyaa kama ya mtu aliyefua siku nzima ujue umezidisha, badilisha gozi mapema zaidi.

Ule unga wa kepsuli acha kabisa. Dawa ile imepimwa ipite tumboni iingie kwenye damu, ukiimwaga juu haijulikani umeweka kiasi gani, inagandamana na ute inakuwa uchafu mwingine ambao seli nyeupe zinatakiwa kuushughulikia, na kuna watu inawaletea mzio mkali wa ngozi. Juu ya yote mnawafundisha bakteria kuizoea dawa. Halafu kaka hujaniambia kuhusu sindano ya pepopunda, vimelea vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, kwa kidonda cha barabarani chenye mchanga kama hukumbuki mara ya mwisho umechoma au imepita miaka 5, nenda kituo cha afya leo.

Dokta mtoto wangu wa miaka 4 kamwagikiwa na chai ya moto mkononi, jirani akampaka dawa ya meno na mwingine akaleta ute wa yai. Ni sawa?

Hapana mama. Ni maji ya kawaida ya bomba yanayotiririka, dakika 20 nzima, na hata kama umechelewa bado yanasaidia ndani ya masaa 3 ya mwanzo. Joto linaendelea kuunguza tabaka za chini hata baada ya chai kumwagika yote, maji ndo yanalitoa. Dawa ya meno, yai, unga, chumvi na mafuta vinalifungia joto ndani na vinaleta vijidudu, na hospitali itabidi wavibandue kwenye ngozi iliyoungua, mtoto analia mara mbili. Barafu pia hapana. Malengelenge msiyatoboe. Akiwa ameungua uso, viganja, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, mfunike na kitambaa safi mkimbize hospitali.

Kidonda kikianza kuwasha ndo kinapona kweli au ni maneno ya bibi zetu?

Bibi zetu wako sahihi kwa sehemu kubwa. Seli za kinga zinatoa histamini, na neva ndogo zinazochipua upya kwenye ngozi mpya zinatuma taarifa ambazo ubongo unazisoma kama muwasho. Pigapiga pembeni kwa kiganja au weka kitambaa cha baridi, kucha usitumie. Ila muwasho unaokuja pamoja na wekundu unaotanuka kila siku, joto na harufu, huo usiusingizie kupona.

Shikamoo dokta. Nimejifungua kwa operesheni wiki 2 zilizopita, nalelewa kwa mama mkwe huku Tanga. Nimekatazwa mayai, samaki na maharage eti kidonda kitatunga usaha, nakula uji mweupe na ugali na bamia basi. Na wifi anataka kunikanda tumbo kwa maji ya moto lirudi. Sitaki kuwavunjia heshima wananilea vizuri sana, lakini naogopa.

Marhaba mwanangu, na hongera sana kwa mtoto. Wanakulea kwa mapenzi, hilo ni jambo kubwa, kwa hiyo waonyeshe ukurasa huu au nendeni pamoja kliniki na mama mkwe amsikie nesi mwenyewe, itakuwa rahisi kuliko wewe kubishana naye jikoni.

Ukweli ni kwamba wamekunyima vile hasa unavyovihitaji. Kidonda kinajengwa na kolajeni na kolajeni ni protini, sasa usipokula mayai, samaki, dagaa, maharage, maziwa, hiyo protini itatoka wapi? Mwili utachukua kwenye misuli yako, na bado unanyonyesha. Usaha unaletwa na bakteria wanaoingia kwenye kidonda, yai halina uhusiano na usaha hata kidogo.

Kingine ambacho hujakitaja ni matunda. Bila vitamini C zile nyuzi za kolajeni haziwezi kusukwa zikakaza. Kuna daktari wa upasuaji wa Boston, John Crandon, mwaka 1939 alijifanyia jaribio mwenyewe akala miezi 6 bila tunda wala mboga ya majani. Baada ya miezi 3 walimkata mgongoni kwa makusudi, kidonda kikapona vizuri tu. Mwezi wa 6 wakamkata tena, siku 10 baadaye wakaangalia: ngozi ya juu imefunga, chini yake hakuna kilichojengwa, ni damu iliyoganda tu imekaa pale. Wakaanza kumpa vitamini C kwa wingi na siku 10 nyingine mbele kidonda kilikuwa kinapona. Mimi kisa hiki nawapa sana wagonjwa wangu kwa sababu mtu angemwangalia Crandon mgongo kwa macho angesema amepona.

Na sio vidonda vipya tu. Kwenye safari ya manowari za Kiingereza za Anson, 1740 hadi 1744, mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, na imeandikwa habari za mzee mmoja aliyekuwa amejeruhiwa vitani Boyne, Ireland, zaidi ya miaka 50 nyuma, makovu yake yakafunguka upya kama vile hayajawahi kupona. Maana yake kovu halikai lenyewe, kolajeni yake inavunjwa na kujengwa tena maisha yako yote na bila malighafi linalegea. Kwa hiyo mapera, machungwa, papai, embe, kula kila siku, Tanga hivyo vitu vipo tele. Mchicha usiupike mpaka uwe uji.

Kukandwa sasa. Hapo naomba niwe mkali kidogo. Kwenye operesheni ya uzazi wanakata ngozi, wanapita kwenye mafuta, wanafungua ule utando mgumu unaoshika misuli ya tumbo, na mwisho mfuko wa uzazi wenyewe, kisha kila kimoja kinashonwa kwa wakati wake. Ngozi ya juu ikishashonwa inaungana haraka, siku 2 tu zinatosha kuziba, ndo maana ukijiangalia unaona msitari mzuri mkavu. Huko chini kwa wiki 2 bado nyuzi za hospitali ndo zinabeba mzigo. Mtu akikukandamiza kwa taulo la maji ya moto anavuta kila tabaka, anaweza kukuunguza kwa sababu ngozi ya pale bado ina ganzi, na anaweza kufungua mlango wa bakteria. Wapo kina mama waliorudishwa tieta kwa sababu hiyo. Mfuko wa uzazi unarudi wenyewe kwa kama wiki 6, na kila unaponyonyesha unatoa homoni ya oksitosini inayoubana, kwa hiyo mtoto wako ndo anakukanda. Oga maji ya uvuguvugu, kausha kidonda kwa kugusagusa, vaa nguo za pamba, na ujauzito mwingine subirini angalau miaka 2, ndo ushauri wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na kwa mwenye kovu kwenye mfuko wa uzazi una uzito zaidi.

Nimetahiriwa ukubwani, nina miaka 27, leo ni wiki ya 3. Kumekauka kabisa, hakuna maumivu. Kwenye kituo waliniambia wiki 6 ndo nirudi kwenye tendo la ndoa, mke wangu ameanza kulalamika. Siwezi kupunguza?

Usipunguze hata wiki moja. Kidonda kilichoshonwa, mwisho wa wiki ya 1 ngozi ile ina kama asilimia 10 tu ya nguvu yake ya zamani, wiki ya 3 bado haijafika hata nusu, inapanda hadi kama asilimia 70 au 80 kwenye mwezi wa 3 na hapo kwa kawaida inagota. Haifiki 100. Ngozi ya asili kolajeni yake imesukwa kama mkeka, huku na huku, ukivuta upande wowote inashika, ila ya kidonda mwanzoni inawekwa haraka haraka na dhaifu, ni aina ya 3, halafu taratibu inabadilishwa kuwa aina ya 1 iliyo imara zaidi, ikiwa imelala upande mmoja. Kazi hiyo inaendelea mwaka na zaidi na wewe huoni kitu.

Sasa wiki ya 3 ukiweka msuguano inachanika vipande vidogo ambavyo hata huvioni, na kila mchaniko ni njia ya virusi kuingia au kutoka. Tohara inampunguzia mwanaume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke kwa kama asilimia 60, hayo ni matokeo ya tafiti za Afrika Kusini, Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda), lakini ni kwa kidonda kilichopona. Wiki hizi hakuna kinga, kuna hatari zaidi. Hata kujichua acha. Baada ya wiki 6 bado kondomu inatakiwa. Mke wako mwelekeze hivi nilivyokuelekeza, ataelewa, afya yake na yeye ipo humo.

Dokta naomba msaada. Baba ana miaka 63, yuko Dodoma, ana sukari mwaka wa 9. Ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu miezi 2 sasa, kilianza na sugu. Hakimuumi kabisa, anatembea nacho mpaka shamba, anasema kisichouma hakina neno. Tunampaka asali na majani ya mwarobaini. Mdogo wangu anasema tumpeleke hospitali, baba anaogopa watamkata mguu.

Huyu ndo aliyenifanya niandike haraka. Mpelekeni kesho. Na kama mkimkagua usiku huu mkakuta weusi, harufu, homa au wekundu unaopanda mguuni basi ni leo.

Kile anachojivunia, kwamba hakimuumi, ndo dalili mbaya kuliko zote alizonazo. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu neva za miguu, nyayo zinakufa ganzi, mtu anakanyaga jiwe, msumari, kiatu kinambana, hasikii. Mwili unajaribu kujihami kwa kuweka sugu pale panapobanwa sana, sugu inakuwa ngumu, inaigandamiza nyama ya chini kila hatua mpaka inavunjika, na unakuta juu ni sugu kavu ya kawaida kabisa lakini ukiikwangua kidogo usaha unaruka, chini kuna shimo, wakati mwingine chuma cha kupimia kinaingia mpaka kinagonga mfupa. Mara nyingi kinachowashtua nyumbani ni soksi iliyolowa au nzi wanaofuata mguu mmoja, sio maumivu.

Kuna jambo madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Zulfiqarali Abbas ambaye amefanya kazi ya miguu ya wagonjwa wa kisukari kwa miaka mingi, waliliandika mwaka 2005. Wagonjwa wa sukari walikuwa wanafika hospitali miguu imetafunwa na panya usiku wakiwa wamelala. Wote tumekua tukisikia panya anauma na kupuliza, lakini mtu mwenye neva nzima ataamka tu. Hawa hawakuamka. Mtu anakuja kuona damu kwenye shuka asubuhi. Mwambie baba kisa hicho, umuulize kama bado anaamini kisichouma hakina neno.

Ganzi ni sehemu moja tu. Mishipa ya damu ya miguuni nayo inakuwa imebana, kwa hiyo oksijeni na seli nyeupe zinafika kidogo, zikifika kwenye sukari nyingi zinakuwa nzito, haziui bakteria inavyotakiwa. Nilisema kwenye swali la kwanza kwamba makrofeji ndo zinazoamuru ujenzi uanze, kwa mgonjwa wa sukari ile amri inachelewa, kidonda kinakwama kwenye hatua ya uvimbe na usafi wiki baada ya wiki, kinavunja kila kinachojengwa. Halafu anakitembelea mpaka shamba! Hakuna dawa duniani itakayokiponya huku uzito wa mwili mzima unakikanyaga, ndo maana hospitali kazi yao kubwa itakuwa kumtafutia kiatu maalumu, plasta ngumu au magongo ili mguu usibebe uzito, wakate sugu na nyama iliyokufa, wapime damu inavyofika kwenye vidole, wapige picha ya mfupa, wampe antibayotiki kama kuna maambukizi, na washushe sukari.

Asali siidharau. Inavuta maji kutoka kwa bakteria, ina asidi, inatoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, na Wamisri wa kale waliitumia kwenye vidonda zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Ila asali haifungui mshipa ulioziba wala haimwondolei baba uzito kwenye kidonda. Majani yasiyochemshwa usiweke kabisa.

Kuhusu kukatwa naelewa hofu yake, kila mtaa una mtu aliyekwenda na kidonda cha kidole akarudi bila mguu. Lakini waulize walikaa nacho nyumbani miezi mingapi. Wanaokatwa mguu wengi ni waliofika donda ndugu likiwa limeshapanda, na mwenye kidonda cha miezi 2 ambacho bado kina damu nzuri ana nafasi kubwa ya kubaki na mguu wake. Miaka ya 2000 Tanzania na nchi kadhaa za Asia Kusini zilikuwa kwenye mradi ulioitwa Step by Step, wa kuwafundisha madaktari na manesi kushughulikia miguu ya wenye sukari mapema, kwa hiyo ujuzi huo upo nchini, ulizeni kliniki ya kisukari ya hospitali ya mkoa, sio duka la dawa.

Akirudi nyumbani, kila jioni mtu amkague nyayo na katikati ya vidole, kama yuko peke yake atumie kioo. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa. Asitembee peku hata ndani. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, mguu wenye ganzi hautamwambia kama yanaunguza. Akiwa anavuta sigara aache, tumbaku inaibana mishipa ileile ambayo tayari imebana. Naomba uniandikie tena ukishampeleka.

Nilitoboa masikio mwaka juzi, sasa nyuma ya sikio la kulia kumeota nyama ngumu ukubwa wa karanga na inaongezeka. Rafiki ameniambia kuna mtu anaikata kwa wembe haraka tu. Naona aibu kufunga nywele.

Wembe hapana, dada yangu, tena hapana kabisa. Hiyo ni keloidi, kovu ambalo faibroblasti zake hazikupata taarifa ya kuacha kazi, zinaendelea kutengeneza kolajeni mpaka inavuka mipaka ya kidonda cha kwanza. Inatokea zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi na inafuata ukoo, na sehemu inazopenda ni masikio, kifua, mabega na taya. Ikikatwa tu bila matibabu mengine inarudi kwa asilimia 45 hadi 100, na mara nyingi inarudi kubwa kuliko ya mwanzo, kwa sababu umeipa kidonda kipya cha kuanzia.

Daktari wa ngozi ataanza na sindano za triamsinoloni ndani ya kovu kila wiki 4 hadi 6, zinailainisha na kuipunguza, kwa wengine anachanganya kukata na sindano, au klipu ya kubana sikio, au mionzi muda mfupi baada ya kukata. Ni safari ya miezi. Usitoboe tena popote, na siku ukihitaji operesheni yoyote mwambie daktari mapema kwamba una keloidi. Halafu kama unatumia mkorogo, naomba uache, krimu nyingi za vile zina steroidi kali, zinaifanya ngozi iwe nyembamba na zinachelewesha vidonda kupona, madaktari wa upasuaji wanajua shida wanayoipata kushona ngozi kama hiyo, uzi unachana nyama.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha 4. Mjusi akikatika mkia unaota mwingine, kwa nini sisi tukikatwa tunabaki na kovu?

Marhaba. Swali zuri sana hili. Kwanza hata mjusi anadanganya kidogo, mkia mpya hauna pingili za mfupa kama wa mwanzo, ndani una bomba la gegedu, ile kitu ngumu inayopinda kama iliyo kwenye sikio lako. Na sisi hatuko maskini hivyo, ini likikatwa theluthi 2 linakua tena, mtoto mdogo akikatika ncha ya kidole na shina la kucha likabaki ncha inaweza kurudi, na mimba ikiwa bado changa, kabla ya kama wiki ya 24, kidonda kwenye ngozi ya mtoto aliyemo tumboni kinaweza kupona bila kovu. Tukishazaliwa uwezo huo unapotea kwa sehemu kubwa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba kwa mnyama wa nchi kavu anayeweza kupata maambukizi au kuvuja damu, kuziba haraka kulikuwa na faida kuliko kujenga vizuri, na kovu ndo njia ya haraka.

Ila kuna mnyama wa hapahapa kwetu amewashangaza wanasayansi. Ni panya wa miiba, anaishi kwenye vichuguu na mawe huko Laikipia, Kenya. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliandika kwenye Nature kwamba ngozi ya panya hao ni dhaifu kwa kama mara 20 kuliko ya panya wa maabara, ukimshika inabaki mkononi mwako, anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongoni akakimbia zake. Halafu inaota tena, na vinyweleo vyake, na miiba, bila kovu la maana. Walimtoboa sikio tundu la milimita 4, likafungwa lote kwa ngozi, vinyweleo na gegedu. Panya wa kawaida akitobolewa hivyo anabaki na tundu maisha yake yote.

Mwaka 2017 timu ya Seifert ikaonyesha kwamba ukiziondoa makrofeji kwa panya huyo wa miiba, lile tundu la sikio halifungi tena. Makrofeji hizo sisi pia tunazo, zinaingia kwenye kidonda chako siku ya 2 au ya 3, na kwa nini kwake zinasimamia ujenzi mpya na kwetu zinaishia kwenye kovu ndo swali ambalo maabara zinahangaika nalo sasa hivi.